Starbucks ilivyonyoosha mikono mbele ya mikahawa ya vitongojini Australia

Tarehe 29 Julai 2008 Starbucks ilitangaza kwamba inafunga matawi 61 kati ya 84 iliyokuwa nayo Australia. Haikungoja mwaka uishe. Ndani ya siku chache milango ikawa imefungwa na watu wapatao 685 wakapoteza kazi. Yakabaki matawi 23 katika miji mitatu tu: Sydney, Melbourne na Brisbane. Wakati huo kampuni ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000 duniani, na ilikuwa haijawahi kurudi nyuma kwa kishindo namna hiyo katika nchi ya ugenini.

Aliyeishinda ni nani? Ukitafuta jina la mshindani mmoja hulipati. Ni mikahawa midogo isiyo na idadi, kila mmoja na mlango wake mmoja, mwenyewe kasimama nyuma ya mashine, na juu ya kaunta sinia la vitafunwa vilivyotoka kwa mwokaji wa mtaa wa pili.

Kisa hiki hupendwa sana katika madarasa ya biashara, na aghalabu hufupishwa kwa sentensi moja: Waaustralia wanaijua kahawa, Wamarekani hawaijui. Ni maneno matamu ukiwa umekaa Melbourne, ila hayaelezi mengi. Katika miaka ileile kampuni nyingine yenye asili ya Marekani, Gloria Jean's, ilikuwa inafungua duka juu ya duka Australia na watu wanaingia. McDonald's nayo, ambayo sidhani kama mtu huiendea kwa sababu ya ulimi mwepesi wa kuonja, ilianzisha McCafé, kaunta ya kahawa ndani ya duka lake, ya kwanza kabisa hapohapo Melbourne mwaka 1993, na wazo hilo likaenea duniani. Kama Mwaustralia ni mkali wa ladha kiasi hicho, hawa walipenyaje?

Mimi naona Starbucks ilikwenda kuuza mahali pa kukaa kwa watu waliokuwa na pa kukaa tayari, karibu na nyumbani kwao, kwa mtu wanayemjua. Ladha imo ndani ya jambo hilo, lakini haitoshi kulieleza lote.

Walichokikuta

Australia ya kabla ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa nchi ya chai, urithi wa Uingereza. Baada ya vita serikali ilifungua milango kwa wahamiaji wa Ulaya, na Waitaliano na Wagiriki wakafika kwa wingi mkubwa. Wakati wa kufika kwao ulikuwa wa bahati. Mwaka 1948 Achille Gaggia wa Milano alikuwa ameanza kuuza mashine yenye mkono wa kuvuta na springi ndani, iliyosukuma maji kwenye unga wa kahawa kwa shinikizo kubwa kuliko mvuke ulivyoweza. Kilichotoka kilikuwa kinywaji kipya: kizito, kifupi, chenye utando wa hudhurungi juu. Espreso ya leo ndiyo hiyo. Miaka michache tu baadaye mashine za aina hiyo zilikuwa zinanguruma Melbourne. Mkahawa wa Pellegrini's ulifunguliwa Bourke Street mwaka 1954 na mpaka leo watu wanakaa kwenye vigoda vyake.

Mkahawa mashuhuri wa katikati ya jiji, hata hivyo, si ndio ulioiangusha Starbucks. Kazi ilifanyika pole pole katika miongo iliyofuata, kahawa ilipotoka mitaa ya Waitaliano kama Carlton na kusambaa hadi vitongojini, ikaingia mikononi mwa watu ambao babu zao hawakuwahi kuikanyaga Italia.

Vitongoji vya Australia vina umbo lake. Nyumba zenye bustani zimetawanyika mbali, kisha karibu na kituo cha treni kuna safu fupi ya maduka: bucha, duka la magazeti, duka la dawa, duka la mikate, mkahawa. Wapita njia ni wachache. Anayeingia asubuhi ya Jumatatu ndiye atakayeingia Jumanne, na ukimuudhi huna mwingine wa kumbadilisha. Kwa sababu hiyo mwenye mkahawa hujua nani hunywa bila sukari, nani kajifungua, nani mbwa wake hufungwa kwenye nguzo ya nje. Hata watoto wana kinywaji chao, babyccino: kikombe kidogo cha povu la maziwa kilichonyunyiziwa unga wa chokoleti, hakina kahawa hata tone. Mtoto anayekunywa hicho akiwa na miaka minne amekwisha zoea mkahawa kabla hajaijua kahawa yenyewe.

Na hapa pana kichekesho. Howard Schultz, aliyekuja kuiongoza Starbucks, alipata wazo lake Milano, alipokwenda huko mwaka 1983 akiwa mfanyakazi wa Starbucks, wakati ambapo kampuni hiyo ya Seattle ilikuwa inauza kahawa ya kwenda kupika nyumbani. Alivutiwa na mabaa ya espreso, na jinsi mhudumu alivyowajua wateja kwa majina. Aliyarudisha hayo Marekani, na Marekani ikayapokea kwa sababu ilikuwa na pengo: vitongoji vyake vilivyojengwa kwa ajili ya magari vilikuwa na nyumba na mahali pa kazi, na kati yake si kikubwa. Mwanasosiolojia Ray Oldenburg aliliita pengo hilo kukosekana kwa mahali pa tatu, na Starbucks ikalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Ilichouza ilikuwa dawa halisi ya ugonjwa halisi.

Tatizo ni kudhani ugonjwa huo uko kila nchi. Melbourne ilikuwa imeletewa Milano na Waitaliano wenyewe, miaka thelathini kabla Schultz hajapanda ndege. Starbucks ilipofungua duka lake la kwanza Sydney Julai 2000, ilikuwa inawauzia watu nakala ya kitu ambacho wao walikuwa na asili yake.

Kikombe chenyewe

Tuache falsafa, tukiangalie kinywaji, maana hapa tofauti inaweza kupimwa kwa kijiko.

Katika mkahawa wa kawaida wa kitongojini, mtu akiagiza flat white, yaani espreso iliyomiminiwa maziwa, mhudumu husaga kahawa papo hapo, huishindilia kwenye kichungio chenye mpini, kisha huruhusu maji yapite kwa sekunde kama 25 hadi 30. Maziwa huyapasha kwa mvuke mpaka nyuzi joto 60 au 65 hivi. Yakizidi hapo yanapoteza utamu wake na kuanza kunuka maziwa yaliyochemka. Povu lake huwa jembamba na laini, linalomiminika kama rangi ya mafuta, si lile povu kavu la kuchota. Kikombe kina ujazo wa mililita 160 hadi 200 hivi. Wenyeji wa Sydney na wa Wellington, New Zealand, bado wanagombania nani alikibuni kinywaji hicho, na sitarajii waelewane.

Sasa chukua latte ya Starbucks ya saizi ya Tall kwa vipimo vya Marekani. Ujazo wake ni mililita 355, na ndani yake kuna espreso moja, karibu mililita 30. Kwa hesabu ya haraka, kahawa ni sehemu moja kati ya kumi na mbili. Kwenye flat white ya mililita 180 yenye espreso moja hiyohiyo, kahawa ni sehemu moja kati ya sita. Mtu aliyezoea hii ya pili akionja ile ya kwanza, atakachokitambua ni maziwa ya moto. Ndiyo maana Starbucks ina sharubati na ladha za kuongeza: kikombe kikubwa cha maziwa kinahitaji kitu cha kukipa sauti, na karameli hufanya kazi hiyo vizuri. Sisemi ni kinywaji kibaya. Ni kinywaji kingine, kinachokaribia kitindamlo, na watu wengi wanakipenda. Lakini hakiwezi kushika nafasi ya kahawa ya saa moja asubuhi kwa mtu aliyezoea nyingine.

Mashine nazo zilikuwa na neno lao. Starbucks ilikuwa imehamia kwenye mashine za kujiendesha, ambazo mhudumu hubonyeza kitufe tu na kila kitu kinatoka. Kasi iliongezeka, kahawa ikawa ileile kila tawi. Februari 2007 Schultz mwenyewe aliwaandikia wakuu wa kampuni barua iliyovuja, akilalamika kwamba mashine hizo zilikuwa ndefu mno hata mteja hamuoni tena anayemtengenezea kinywaji, kwamba kahawa iliyofungwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa imeondoa harufu dukani, na kwamba haraka ya kutoka maduka chini ya 1,000 hadi 13,000 ndani ya miaka kumi imepunguza roho ya kazi yenyewe. Ukiisoma barua hiyo huku unaifikiria Australia, ni kama mganga anayesoma maradhi ya mgonjwa asiyemtaja. Yote aliyosema yamepotea Starbucks, mkahawa wa kona ya kitongoji ulikuwa nayo bila kujua kwamba ni mali.

Hesabu za kitongoji

Biashara ya katikati ya jiji na ya kitongojini hazifanani hata kama zinauza kitu kimoja. Katikati ya jiji, mkahawa unaotaka kuuza vikombe 200 kwa siku unaweza kuviuza kwa watu ambao hawatarudi kamwe: watalii, wenye miadi, waliokimbia mvua. Jina kubwa juu ya mlango linasaidia sana hapo, kwa sababu mgeni hana njia nyingine ya kujua wapi pazuri.

Kitongojini hesabu inageuka. Vikombe 200 vinatoka kwa watu wale wale, labda 150 wanaokuja karibu kila siku na wachache wa mara moja moja. Huwezi kuwapata hao 150 kwa bango. Kila mmoja ana mkahawa wake tayari, na kumhamisha inabidi umpe sababu ya kukatisha mazoea ya miaka. Starbucks ilikuwa na sababu gani ya kumpa? Bei mara nyingi ilikuwa juu kuliko ya jirani. Kahawa ilikuwa nyepesi kwa ulimi wake. Mhudumu, hata awe mchangamfu vipi, alikuwa mwanafunzi ambaye mwezi ujao ataondoka. Kuandika jina la mteja kwenye kikombe si sawa na kulijua, na mteja anaijua tofauti hiyo.

Kuna gharama pia. Mishahara Australia iko juu, na sheria inadai malipo ya ziada kwa kazi ya Jumapili na sikukuu, ambazo ndizo siku za kitongoji kutoka kwenda kunywa kahawa. Mwenye mkahawa mdogo husimama mwenyewe siku hizo, au humsimamisha mkewe au mwanawe, na Jumatatu mbovu huivumilia kwa kujilipa kidogo. Kampuni humlipa kila aliye dukani, pamoja na meneja wa tawi, meneja wa eneo, na ofisi inayowasimamia. Matawi ya Starbucks Australia yalikuwa chini ya kampuni yenyewe, kwa hiyo hasara yote ilipanda juu moja kwa moja. Iliripotiwa kuwa katika miaka saba ya kwanza ilipoteza zaidi ya dola milioni 100 za Australia. Duka lenye hasara lililofunguliwa karibu na duka lingine lenye hasara halitibu lolote, lakini kampuni iliendelea kufungua mpaka maji yakazidi unga.

Wapo wanaosingizia msukosuko wa fedha wa 2008. Siukubali utetezi huo. Tangazo lilitoka Julai, na Lehman Brothers, benki ya Marekani ambayo anguko lake liliuwasha msukosuko kwa nguvu, ilianguka Septemba. Isitoshe, Australia ni mojawapo ya nchi chache tajiri zilizopita katika kipindi kile bila uchumi kuporomoka rasmi. Ni kweli kwamba Starbucks ilikuwa inaumwa kwao pia, na mwanzoni mwa Julai hiyohiyo ilikuwa imetangaza kufunga maduka 600 Marekani. Ila Marekani 600 yalikuwa sehemu ndogo ya maduka yake. Australia ni matawi saba kati ya kila kumi.

Upande wa mikate

Wachambuzi wengi huishia kwenye kahawa, na naona wanaruka nusu ya kaunta. Kitongojini mtu hatoki nyumbani kwa kahawa peke yake. Anatoka kwa kahawa na kitu cha kutafuna, na mkate wa nyumbani anaubeba akirudi. Duka la mikate na mkahawa vinategemeana hata vikiwa na wenye tofauti.

Na katika mikate Australia haikuwa na njaa. Bakers Delight ilianza mwaka 1980 katika duka moja la Hawthorn, kitongoji cha Melbourne, ikakua kwa kuwapa waokaji leseni ya jina huku mkate ukiokwa dukani humohumo. Halafu kuna hadithi ambayo haisemwi vya kutosha, ya wakimbizi wa Vietnam waliofika baada ya 1975. Wafaransa walikuwa wameacha mkate mrefu wa ganda kavu katika nchi yao wakati wa ukoloni, na wao wakaja nao. Vitongoji kama Footscray na Springvale huko Melbourne, au Cabramatta huko Sydney, vikapata maduka ambayo tanuri linawashwa usiku wa manane, na asubuhi kioo kimoja kina banh mi (mkate huo wa Kivietnam uliojazwa nyama na mboga), pai ya nyama ya Kiaustralia na keki ya krimu. Mwenye duka hakuandikiwa na mshauri yeyote kwamba achanganye hivyo. Wateja wake ndio walivyochanganyika.

Mbele ya hayo Starbucks iliweka kabati la kioo lenye keki zilizookwa kwingine, zikasafirishwa na kuandaliwa ili zifanane kila tawi. Hapo harufu ya mkate haipo, na kwa duka linalofungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, harufu ndiyo tangazo lenyewe.

Makao makuu hayakuwa vipofu. Januari 2008, Schultz aliporudi kuwa mkurugenzi mkuu, mojawapo ya amri zake za kwanza ilikuwa kuondoa sandwichi za moto za asubuhi Marekani, kwa sababu harufu ya jibini iliyoungua ilikuwa inameza harufu ya kahawa. Baadaye zilirudi zikiwa zimerekebishwa. Juni 2012 kampuni ikaamua kuununua ujuzi: ililipa dola milioni 100 za Marekani kwa La Boulange, maduka ya mikate ya San Francisco na viunga vyake yaliyoanzishwa na mwokaji Mfaransa Pascal Rigo. Kruasanti zikaanza kupashwa moto kwenye matawi ya Starbucks kote Marekani. Lakini maduka yenyewe ya La Boulange, yale ambayo wakazi wa mitaa hiyo waliyazoea, yalitangazwa Juni 2015 kuwa yanafungwa yote 23, kwa maelezo kwamba hayafai kwa ukuaji wa kampuni wa muda mrefu. Rigo akarudi na kufungua upya baadhi yake kwa jina linalokaribiana.

Ninaliingiza hilo katika kisa cha Australia kwa makusudi. Linaonyesha kwamba kampuni ya aina hii inaweza kuununua mkate, mapishi na hata mwokaji, lakini duka la mtaani lenyewe likabaki mzigo kwenye vitabu vyake. Faida ya duka kama lile ni ya mtu mmoja na familia yake. Ukiigawanya kwa ofisi ya maelfu, haitoshi hata kutajwa kwenye ripoti.

Waliopenya, na kwa nini

Nirudi kwenye Gloria Jean's, kwa sababu bila yenyewe mtu angeweza kudhani Australia huwakataa wageni tu. Ilianzishwa karibu na Chicago mwaka 1979. Waliopeleka jina hilo Australia katikati ya miaka ya 1990 ni wafanyabiashara wawili wa hukohuko, Nabi Saleh na Peter Irvine, na walikua kwa kutoa leseni: mtu wa eneo analeta mtaji wake, anakodi jina, anasimama dukani. Walifanikiwa kiasi kwamba baadaye walinunua haki za jina lote nje ya Marekani. Kahawa yao haikuwa ya kuwaliza wajuzi wa Melbourne. Maduka yao mengi yalikuwa kwenye majengo makubwa ya biashara ya vitongojini, mahali ambapo mkahawa wa kona haukuwepo kwa kuanzia. McCafé ilifanya vivyo hivyo kwa njia yake: ilikaa ndani ya jengo ambalo mteja ameshaingia, haikumtaka abadili mkahawa wake.

Ukiwaweka hao wawili kando ya Starbucks, sababu zinaanza kujipanga kwa uzito. Ugeni haukuwa kosa, wala ukubwa peke yake. Kilichoumiza zaidi, kwa macho yangu, ni kwenda palipojaa bila mwenyeji mwenye mali yake dukani. Cha pili ni kasi, maana duka la kitongoji huchukua muda kuzoeleka na matawi 84 ndani ya miaka minane hayakupewa nafasi hiyo. Ladha naiweka ya tatu. Najua kuna watakaobisha, hasa wale wanaoamini kikombe kizuri hushinda kila kitu, lakini vitongoji vyote nilivyowahi kuvisoma vina mkahawa wenye kahawa ya wastani unaojaa kila asubuhi kwa sababu ya mtu aliye kaunta.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kuna wenye mikahawa waliopona kweli. Ujio wa Starbucks uliwazoesha watu kubeba kahawa kwenye kikombe cha karatasi, na uliwafanya wenyeji wakaze kamba kwenye mashine na maziwa. Hilo ni gumu kulipima, na silitii chumvi.

Baada ya kufunga

Waliobaki mwaka 2008 walibaki kwa sababu inayoeleweka. Matawi hayo 23 mengi yalikuwa mahali penye watalii na wanafunzi wa kigeni, watu waliolijua jina kabla ya kutua uwanja wa ndege na wasio na mkahawa wa mtaa wao. Mwaka 2014 Starbucks iliachia hata hayo: matawi yake, wakati huo yakiwa 24, yaliuzwa kwa Withers Group, kampuni ya Kiaustralia iliyokuwa ikiendesha pia maduka ya 7-Eleven nchini humo. Kwa maneno mengine, ilifika miaka kumi na minne baadaye mahali ambapo Gloria Jean's ilianzia, yaani kumpa mwenyeji jina naye ahangaike na soko lake.

Januari 2015 Starbucks ikaanza kuuza flat white katika matawi yake ya Marekani. Wale walioifukuza walicheka, na wengine walilalamika kuhusu povu. Na ilipokwenda Italia, Septemba 2018, haikurudia ya Sydney. Ilifungua duka moja Milano, kubwa na la kifahari, kahawa ikikaangwa mbele ya macho ya mteja, na mikate ikaachiwa Rocco Princi, mwokaji wa jiji hilohilo ambaye kampuni ilikuwa imewekeza katika biashara yake mwaka 2016. Mtu aliyefunga matawi 61 hujifunza kubisha hodi.

Australia nayo, Withers Group haikwenda kugombania safu fupi za maduka karibu na vituo vya treni. Ilipoongeza matawi, ilipeleka baadhi kwenye barabara kubwa, yenye dirisha la kununulia bila kushuka kwenye gari. Dereva anayepita hapo saa kumi na mbili asubuhi, bado yuko mbali na kazini, hatafuti mtu wa kumuuliza habari za watoto. Anataka kikombe kikubwa, kitamu, apewe dirishani aende zake, na kwa mteja huyo mkahawa wa kona haukuwahi kuwa na la kumpa.